Je, Mkristo anaweza kuishi bila dhambi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya katika darasa la kipaimara, kwenye ushirika wa nyumba kwa nyumba, na kwa watu walionivuta pembeni baada ya ibada wakiogopa kuuliza mbele za wenzao. Mengi yanatoka kwa watu wanaoumia kweli, kwa hiyo sitayajibu kwa haraka. Mistari ya Biblia inatoka katika tafsiri ya Union tuliyoizoea.

## Mambo ya msingi

Nipe jibu fupi: inawezekana au haiwezekani?

Hakuna dhambi hata moja ambayo Mkristo analazimika kuitenda. Hilo ni la kwanza, na watu wengi hawajawahi kuambiwa. Dhambi iliyo mbele yako leo, iwe hasira, rushwa, simu unayoificha au maneno juu ya jirani, inaweza kushindwa leo. Warumi 6:14 yasema, "Kwa maana dhambi haitawatawala ninyi, kwa sababu hamwi chini ya sheria, bali chini ya neema."

La pili ni kwamba hakuna siku utakayofika hapa duniani usiwe tena na haja ya kutubu. Bwana Yesu alitufundisha kuomba mkate wa kila siku, na katika sala hiyo hiyo akatufundisha kuomba msamaha. Anayesema ameshavuka hapo amejitoa mwenyewe katika Sala ya Bwana.

Mambo haya mawili yashike pamoja. Ukilishika la kwanza peke yake utakuwa mnafiki au utakata tamaa, na ukilishika la pili peke yake utakuwa mlegevu.

Dhambi ni nini hasa? Ni sawa na kosa?

Kiswahili chetu kina maneno mengi hapa: dhambi, kosa, hatia, uasi, uovu. Kosa linaweza kuwa la bahati mbaya tu. Umemwaga maziwa ya mtu, umekosea njia, umesahau miadi. Dhambi ni jambo kati yako na Mungu. 1 Yohana 3:4 yasema dhambi ni uasi. Yakobo 4:17 yaongeza sehemu tunayoisahau: "Basi yeye ajuaye kutenda mema, wala hayatendi, kwake huyo ni dhambi."

Maana hii ina uzito katika swali letu. Ukihesabu uzinzi, ulevi, wizi na uchawi peke yake, basi ndiyo, wako waumini wengi waliokaa miaka thelathini bila dhambi. Lakini ukihesabu na mema uliyoyaacha, mgonjwa uliyepita mlangoni pake bila kubisha hodi, haki ya mjane uliyoinyamazia kwenye kikao cha ukoo, hesabu inabadilika. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu nimeona makanisa yakimtenga binti aliyepata mimba, na sijaona hata moja likimtenga msengenyaji.

Kujaribiwa ni dhambi?

Hapana. Waebrania 4:15 yasema Yesu alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi. Yakobo 1:14-15 anaonyesha hatua zake: mtu anavutwa na tamaa, "halafu ile tamaa ikiisha kuchukua mimba huzaa dhambi". Kati ya kuvutwa na kuzaa ipo nafasi, na ndani ya nafasi hiyo ndimo tunamopigania vita yetu. Usijihukumu kwa kuwa wazo limepita. Angalia kama umelikaribisha kitini.

Nimeokoka, mbona bado natamani mambo yale yale?

Kwa sababu umezaliwa mara ya pili ukiwa bado katika mwili uleule. Wagalatia 5:17 iliandikiwa watu waliokwisha kuamini: "mwili hutamani ukishindana na Roho, na Roho kushindana na mwili." Kabla hujaokoka hakukuwa na mashindano, ulikuwa ukienda tu. Vita unayoisikia ndani yako ni dalili ya uhai. Wapo waliookoka wakaondolewa kiu ya pombe siku hiyo hiyo, na Mungu asifiwe kwa ajili yao. Wengine, wenye imani isiyopungua ya hao, wamepigana na kiu hiyo kwa miaka.

## Maandiko yanayoonekana kupingana

1 Yohana 1:8 yasema tukisema hatuna dhambi twajidanganya. 1 Yohana 3:9 yasema aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi. Ipi ni kweli?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na linastahili. Ni mwandishi mmoja, waraka mmoja, kurasa mbili tu zimepita kati yake.

Anza na lugha. Kiswahili "hatendi" kina maana mbili: hatendi sasa hivi, au si mwenendo wake kutenda. Ukisema "Mzee huyu hanywi pombe," unasema habari ya maisha yake, hujaapa kwamba hajawahi kuonja. Kigiriki cha Yohana katika 3:9 kinatumia wakati uliopo, ambao mara nyingi huonyesha jambo linaloendelea. Katika 2:1 anaposema "kama mtu akitenda dhambi tunaye Mwombezi kwa Baba," umbo la kitenzi ni jingine, la tendo kama tukio moja. Kwa hiyo wafafanuzi wengi husema 3:9 inakataa maisha ya dhambi na 2:1 inazungumzia kuanguka. Wengine wanaonya kwamba sarufi peke yake haiwezi kubeba mzigo wote huo, na onyo lao ni la haki. Ila mwendo wa waraka mzima unaelekea hapo hapo.

Kisha tazama Yohana alikuwa akijibu nani. Ukisoma sura ya kwanza, "tukisema" inarudi mara tatu, katika mstari wa 6, wa 8 na wa 10. Inaonekana walikuwapo watu waliojiona wamefika, wanamjua Mungu, hawana dhambi, huku wakiwachukia ndugu zao. Kwa hao Yohana anasema mambo mawili kwa pumzi moja. Msidai hamna dhambi. Na msijidanganye kwamba mtu wa Mungu anaweza kutulia ndani yake. 2:1 inaunganisha yote: "nawaandikia haya ili kwamba msitende dhambi. Na kama mtu akitenda dhambi tunaye Mwombezi." Lengo ni kutotenda kabisa. Mwombezi yupo kwa anayeanguka akiwa njiani kuelekea lengo hilo.

Katika Warumi 7 Paulo anasema lile baya asilolipenda ndilo alitendalo. Je, ni Paulo Mkristo au Paulo wa zamani?

Kanisa limebishana juu ya sura hii tangu karne za mwanzo. Augustino wa Hippo mwanzoni alidhani ni habari ya mtu aliye chini ya sheria, kisha uzeeni akageuka akasema ni mtume mwenyewe. Luther na Calvin, viongozi wa Matengenezo ya karne ya 16, walimfuata Augustino mzee. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alibaki na maoni ya kwanza, kwamba ni mtu aliyeamshwa na sheria lakini hajapata nguvu ya injili.

Mimi naona Paulo anaeleza hali ya yeyote, aliyeamini au asiyeamini, anayejaribu kuitimiza sheria kwa nguvu zake. Hesabu maneno. Katika 7:14-25 "mimi" imejaa kila mahali, na Roho Mtakatifu hatajwi. Ukiingia sura ya 8, Roho anatajwa tena na tena. Ninachowaomba wasomaji ni kimoja: Warumi 7 isiwe godoro la kulalia. Paulo mwenyewe hakulala hapo. Alilia, "Ole wangu, maskini mimi!" na kilio hicho kikapata jibu.

Yesu aliamuru tuwe wakamilifu. Angeamuru lisilowezekana?

Mathayo 5:48, "Basi ninyi mtakuwa wakamilifu, kama Baba yenu wa mbinguni alivyo mkamilifu." Soma kuanzia mstari wa 43. Hoja ni kupenda adui, kama Mungu anavyowanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Luka 6:36 analiweka hivi: "iweni na huruma." Neno la Kigiriki, teleios, ni la kitu kilichotimia, kilichokomaa. Amri hiyo tunaitii kwa kumpelekea maji yule jirani tusiyesalimiana naye.

Biblia inamtaja mtu yeyote aliyeishi bila dhambi?

Ni Yesu peke yake. Nuhu na Ayubu wanaitwa wakamilifu, na Luka 1:6 yasema Zekaria na Elisabeti walikuwa wenye haki, wakienda katika amri zote bila lawama. Soma hiyo hiyo Luka 1, ufike mstari wa 20. Zekaria huyo huyo anakuwa bubu kwa kutoliamini neno la malaika. Nuhu alilewa. Kwa lugha ya Biblia, mtu asiye na lawama ni mtu ambaye moyo wake ni mmoja mbele za Mungu, na akirudiwa anarudi.

(Wakatoliki wanamtaja pia Bikira Maria. Tazama swali linalofuata.)

## Makanisa yanasemaje

Kwa nini makanisa hayakubaliani juu ya jambo hili?

Kwa sehemu wanakubaliana kuliko wanavyodhani. Mwaka 418 Baraza la Karthago lilikataa mafundisho ya Pelagius kwamba mtu anaweza kuzitimiza amri kwa uwezo wake wa asili. Tangu hapo, wote walio katika mkondo huo wanasema ushindi wowote ni neema. Wanachobishania ni neema hiyo inafikisha wapi kabla ya kufa.

Walutheri husema mwamini ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Hoja ya kwanza kati ya zile 95 za Luther za mwaka 1517 ni kwamba maisha yote ya waamini yawe ya toba. Wareformati, wa mkondo wa Calvin, wako karibu nao: Katekisimu ya Heidelberg ya 1563 yasema hata watakatifu kuliko wote wana mwanzo mdogo tu wa utii huu, ila wameanza kuishi kwa amri zote na si baadhi. Wakatoliki wanatofautisha dhambi ya mauti na dhambi nyepesi. Kwa neema mtu anaweza kuepuka ya mauti, lakini Mtaguso wa Trent, mkutano mkuu wa maaskofu wao, ulisema mwaka 1547 kwamba hakuna awezaye kuepuka hata zile nyepesi maisha yake yote bila upendeleo wa pekee wa Mungu, kama Kanisa linavyoamini kuhusu Maria. Waorthodoksi hupenda kulizungumza kama safari ya kufananishwa na Mungu, isiyo na kituo cha mwisho.

Upande wa pili wako Wamethodisti wa asili, Wanazareti, Jeshi la Wokovu na jamaa zao wa utakatifu. Wanafundisha utakaso kamili, tendo la Mungu baada ya kuokoka ambalo kwalo moyo hujazwa upendo. Wapentekoste wamegawanyika, wengine wakiwa na fundisho hilo na wengine, kama Assemblies of God, wakisema utakaso ni mwendo wa maisha yote. Kwa Wasabato pia kuna mjadala mrefu kama kizazi cha mwisho lazima kifikie kutotenda dhambi kabisa kabla Yesu hajarudi. Wengi wao wamelikataa wazo hilo, ila bado lina wafuasi.

John Wesley alifundisha ukamilifu. Je, alidai ameufikia?

Hapana. Mwaka 1767 aliandika gazetini London kwamba ameuambia ulimwengu wote kuwa yeye si mkamilifu. Kwake dhambi "halisi" ilikuwa kuvunja kwa hiari amri unayoijua. Upungufu wa akili na kutojua hakuuita hivyo, ingawa alisema nao unahitaji damu ya Kristo. Ndiyo maana aliepuka maneno "ukamilifu usio na dhambi". Maneno hayo huwekwa kinywani mwake na watu wasiomsoma.

Tena aliona kwa macho yake fundisho hili likiharibika. Katika ushirika wake London alikuwako George Bell, askari wa zamani, aliyejiona amefika mahali pasipo na kuanguka. Bell akatabiri mwisho wa dunia ungekuja tarehe 28 Februari 1763. Wesley alimpinga na kumtoa, lakini watu wengi walikwisha kujeruhiwa, na Thomas Maxfield, mmoja wa wahubiri wake wa kwanza, akaondoka na sehemu ya kundi. Mtu asiyeweza kukosea hawezi kuonywa. Mtu asiyeweza kuonywa atawaongoza wenzake shimoni.

Na walokole wetu wa uamsho wa Afrika Mashariki walifundisha nini?

Hapa nina deni, kwa hiyo mnivumilie nikikaa kidogo. Neno "mlokole" tumelipata kwa Kiganda, kutoka kitenzi cha kuokoka. Mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala, Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda. Wote wawili walikuwa na kiu, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Miaka iliyofuata moto ulishika Gahini, ukaenda Uganda, Burundi, Kenya na huku kwetu upande wa Bukoba. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, akiwamo William Nagenda, walifukuzwa kwa sababu ya msimamo wao.

Kwa nje ungedhani hawa ndio watu wa kudai kuishi bila dhambi. Walikuwa wakali juu ya utakatifu. Waliacha pombe, walirudisha ng'ombe walioiba na kulipa madeni waliyokuwa wamekana. Lakini mstari wao mkuu ulikuwa 1 Yohana 1:7, "tukienenda nuruni... damu yake Yesu, Mwana wake, yatusafisha dhambi yote." Waliona kwamba "yatusafisha" ni jambo la sasa na la kila siku. Hata anayetembea nuruni bado anasafishwa. Kutembea nuruni kwao kulikuwa ni kutoficha kitu.

Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na duka dogo la chumvi, sabuni na mafuta ya taa, na mizani ya kupimia sukari. Siku moja, mimi nikiwa mtoto, alinichukua tukaenda nyumba tatu na kifurushi cha sukari kwa kila nyumba. Kila mlango alisema maneno yale yale, kwa Kihaya, amesimama: "Nilijua mizani imelegea, nikanyamaza wiki mbili. Nisameheni." Alikuwa ameokoka yapata miaka arobaini wakati huo. Wa nyumba ya tatu alicheka akasema mama, kwa sukari hii tu? Bibi hakucheka. Alingoja mpaka alipoambiwa "nimekusamehe", ndipo tukarudi.

Kama kuna kuishi bila dhambi duniani, nadhani kunafanana na hivyo. Hakudai kwamba hakuiba. Wala hakulala na kosa lake.

## Maisha ya kila siku

Natubu dhambi ile ile kila wiki. Toba yangu ni ya kweli?

Mithali 24:16, "Kwa maana mwenye haki huanguka mara saba, akaondoka tena." Kwa hiyo kurudia peke yake si ushahidi kwamba toba ilikuwa ya uongo. Jiulize maswali yanayoonekana: nimebadilisha nini tangu mara ya mwisho? Mlevi anayetubu Jumapili na Jumatatu anapita njia ile ile ya kilabuni hajatubu njia. Anayetubu picha za uchi, na simu inalala naye chini ya mto, bado anaiwekea tamaa kitanda. Yesu alisema habari ya kung'oa jicho na kukata mkono. Wewe kata bando, hama kikundi, lala na simu chumba kingine.

Na umwambie mtu mmoja. Katika miaka yangu ya kufundisha, dhambi inayorudi kila wiki karibu kila mara nimekuta ni dhambi isiyojulikana na mtu yeyote.

Basi niungame kwa nani? Ni lazima mbele ya kanisa zima?

Yakobo 5:16, "Ungamianeni dhambi zenu ninyi kwa ninyi." Wakatoliki wana sakramenti ya Kitubio, ambako padre amefungwa na siri isiyovunjwa kwa sababu yoyote. Waanglikana na Walutheri nao wanaweza kuungama kwa mchungaji faraghani, ingawa wengi hawajui. Kwa sisi wengine, kanuni ya zamani inatosha: eneo la kuungama liwe sawa na eneo la dhambi. Uliyomkosea mtu mmoja, nenda kwa huyo mmoja. Ukikosa hadharani, tubu hadharani.

Uamsho ulikuwa na kasoro hapa, na wazee wenyewe walikiri. Watu walisimama wakaungama tamaa waliyokuwa nayo kwa mke wa fulani, huku fulani na mkewe wameketi benchi la tatu. Nuru ya namna hiyo inaunguza wasio na hatia. Kama ungamo lako litamtaja mwingine, shauriana kwanza na mtu mzima wa kiroho.

Jambo moja halina mjadala. Kama mtu ameungama kwako kwamba anamdhuru mtoto, usiishie kuomba naye. Mtoto alindwe siku hiyo hiyo, na vyombo vya sheria vijulishwe. Damu ya Yesu inamsafisha mtenda dhambi, na haimwondolei kujibu mbele ya hakimu.

Niliombewa, nikaambiwa pepo la uzinzi limetoka. Baada ya mwezi nimerudi nyuma. Limerudi?

Naamini pepo wapo na Yesu huwatoa. Lakini Wagalatia 5:19 inauweka uasherati katika matendo ya mwili, na mwili hautolewi kama pepo. Husulubiwa, na kazi hiyo ni ya kila siku. Ukifundishwa kwamba kila tamaa ni pepo, utakuwa unahama mkesha hadi mkesha ukingoja mtu mwingine akupiganie vita yako, na wakati mwingine ukilipia. Rudi kwenye swali la toba ya kila wiki hapo juu, uanzie pale.

Kuwaambia watu hawawezi kufika si kuwapa ruhusa ya kutenda dhambi?

Paulo aliulizwa hivyo hivyo. "Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Hasha!" Anayetafuta ruhusa ataipata hata kwenye mahubiri makali kuliko yote. Nilichoona mimi ni kinyume cha hofu hiyo. Pale ambapo kuanguka hakutajwi, dhambi hazipungui, zinahamia gizani, na siku ya kufumuka zinaangusha kanisa zima.

Kiongozi wetu anasema hajatenda dhambi kwa miaka mingi. Nifanyeje?

Mheshimu kama mzee, na usimfuate katika hilo. Muulize kwa upole: huwa unaomba "utusamehe deni zetu"? Lini mara ya mwisho ulimwomba mkeo msamaha? Petro alikuwa mtume, amejazwa Roho siku ya Pentekoste, na bado Antiokia alijitenga na Mataifa kwa kuogopa watu, Paulo akampinga mbele ya wote (Wagalatia 2:11-14). Petro hakumlaani Paulo. Kama kiongozi wako anatishia laana kwa anayemwuliza swali, tafuta ushirika mwingine mapema.

## Maswali magumu

Nimeota nikizini. Je, nimetenda dhambi?

Hujachagua, hujatenda. Amka, omba, endelea na siku yako. Kama mchana unalisha macho yako na vitu vya namna hiyo, shughulikia mchana. Usiku utafuata.

Mawazo machafu ya kumtukana Mungu yananijia bila kuyataka, hata kanisani. Natubu mara hamsini kwa siku.

Mawazo yanayokutesa na kukuchukiza si yale uliyoyakaribisha. Bunyan, yule mwandishi wa karne ya 17, aliteswa na hali kama hii kwa muda mrefu. Wakati mwingine ni ugonjwa wa wasiwasi unaotibika, na kuendelea kutubu kila dakika huuongezea nguvu. Nenda hospitali ukaonane na daktari wa afya ya akili, umweleze bila aibu. Mwambie pia mchungaji wako, na mkubaliane kwamba utaungama mara moja kwa siku, basi.

Nitakuwaje nikifa ghafla nikiwa na dhambi ambayo sijaitubu?

Swali hili huja baada ya ajali za mabasi. Tofautisha mtu aliyekataa kutubu na mtu ambaye hakuwahi kufika kuitaja. Hakuna aliyewahi kutaja dhambi zake zote. Zaburi 19:12 yaomba kutakaswa na mambo ya siri, maana mtunzi anajua kuna asiyoyaona. Wakatoliki husema habari ya majuto kamili na ya toharani, Waprotestanti husema haki ya Kristo aliyohesabiwa mwamini. Wote wanakubali kwamba Mungu hakai mlangoni na daftari akingoja uteleze dakika ya mwisho. Ila kama kuna jambo unalijua leo na unaliahirisha makusudi, sina cha kukutuliza. Litengeneze leo.

Waebrania 10:26 yasema tukifanya dhambi kusudi hakuna dhabihu tena. Nilifanya kusudi. Nimekwisha?

Daudi alipanga kifo cha Uria kwa barua, kwa makusudi kabisa, akatubu, akapokelewa. Waraka kwa Waebrania unawazungumzia watu waliotaka kumwacha Kristo na kuhesabu damu yake kuwa kitu ovyo (mstari wa 29). Anayemwacha Kristo hana dhabihu nyingine pa kukimbilia, ndiyo hoja yake. Wewe unayelia kwa hofu kwamba umemwacha, bado unamtaka. Njoo.

Mama yetu ameokoka tangu ujana. Sasa amezeeka, akili imepotea, na anatukana matusi ambayo hatujawahi kuyasikia kinywani mwake. Ndiyo kusema wokovu wake ulikuwa wa juu juu?

Hapana. Ugonjwa wa kusahau huharibu sehemu za ubongo zinazotuzuia kusema kila kilichowahi kupita masikioni mwetu. Matusi hayo aliyasikia sokoni, njiani, kwa wengine, maisha yake yote. Kinachovunjika sasa ni mlango wa kinywa. Hana hiari, na tumeona katika swali la dhambi na kosa kwamba si kila linalotoka kwa mtu ni uasi wake.

Msimkemee kama mtoto, wala msimwite mchungaji aje kukemea pepo mbele yake. Bibi yangu alifika huko. Kuna asubuhi alimtukana mama yangu aliyekuwa akimwogesha, matusi mazito. Mama alimfuta uso, akamvika kitenge, akampa uji, kisha akaanza kuimba "Tukutendereza", wimbo wa walokole, taratibu. Bibi hakujua jina la mama siku hiyo. Ubeti wa kwanza aliuimba wote.